Betri za nyambizi za Japani: Bei ya dukani si hesabu yote

Kwa miaka kumi na tano bei ya betri za lithiamu imekuwa ikishuka. Mwaka 2010 betri ya gari la umeme iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa kila kilowati-saa moja. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya BloombergNEF. Wauzaji wa vifaa vya sola wa Namanga na Mutukula wanaujua mwenendo huo bila kusoma ripoti yoyote, kwa sababu wanauona kwenye bei za mzigo wanaoagiza.

Hata hivyo, yupo mnunuzi ambaye ankara yake haikushuka. Jeshi la Majini la Japani lilianza kuagiza nyambizi za betri za lithiamu katika bajeti ya mwaka 2015. Nyambizi ya kwanza, Oryu, ilitengewa takriban yeni bilioni 64. Ile iliyoagizwa mwaka mmoja kabla yake, yenye umbo lilelile lakini betri za zamani, ilitengewa kidogo zaidi ya bilioni 50. Kufikia bajeti ya mwaka 2024, nyambizi moja ilitengewa karibu yeni bilioni 95.

Kwa nini kifaa kinachozidi kuwa rahisi sokoni kiingie katika chombo kinachozidi kuwa ghali? Jibu haliko mahali pamoja. Sehemu yake ni betri yenyewe, sehemu ni idadi ya wanunuzi, na sehemu kubwa ya kupanda kwa miaka ya karibuni inatokana na thamani ya yeni. Asiyezitenganisha sehemu hizo ataitupia betri lawama isiyo yake.

Kilichotolewa na kilichowekwa

Oryu ni ya kumi na moja katika kundi la nyambizi 12 za aina ya Soryu. Kumi za kwanza zilikuwa na mitambo mitatu ya nguvu. Ya kwanza ni injini za dizeli, ambazo haziwezi kufanya kazi bila hewa. Ya pili ni betri za risasi na asidi, ndugu wa zile betri za maji zinazowasha malori. Ya tatu ni injini nne za Stirling, teknolojia ya Uswidi iliyotengenezwa Japani kwa leseni, zinazotumia oksijeni ya kimiminika iliyobebwa kwenye matangi ili nyambizi ikae chini ya maji kwa wiki kadhaa bila kuibuka.

Oryu na mwenzake Toryu ziliondolewa mtambo wa tatu. Injini za Stirling, matangi ya oksijeni na betri za risasi vyote vilitoka, na nafasi ikajazwa betri za lithiamu kutoka kampuni ya GS Yuasa ya Kyoto. Oryu iliingia kazini Machi 2020, na Japani ikawa nchi ya kwanza kutumia betri za lithiamu katika nyambizi kubwa ya kivita. Aina iliyofuata, Taigei, ambayo nyambizi yake ya kwanza iliingia kazini Machi 2022, imejengwa kwa betri hizo tangu mwanzo.

Ni rahisi kuchukua bilioni 64, kutoa bilioni 50 na kitu, na kusema tofauti ndiyo bei ya betri. Hesabu hiyo haikai sawa. Tofauti hiyo imebaki baada ya kuondoa gharama ya injini nne, matangi na betri za risasi. Kama mabadiliko mengine yalikuwa madogo, betri mpya zilikula zaidi ya tofauti inayoonekana. Ni sawa na mwenye lori anayebadilisha injini: anachotoa mfukoni ni bei ya injini mpya, ukiondoa alichookoa kwa kutofanyia matengenezo ile ya zamani.

Wanachonunua ni muda

Sababu ya kukubali bei hiyo inaeleweka haraka kwa yeyote aliyewahi kuuza betri za sola za aina zote mbili. Mteja anayenunua betri ya risasi ya saa-ampea 100 huambiwa asiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Akiwasha kifaa kinachovuta umeme mwingi kwa mkupuo, hata nusu hiyo haipati yote. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule humpa sehemu kubwa ya umeme wake, na haipungukiwi sana anapouvuta kwa kasi.

Chini ya bahari tofauti hiyo ni ya uhai. Nyambizi ya betri za risasi ikikimbia kwa mwendo wake wa juu kabisa humaliza umeme kwa muda mfupi, kisha hulazimika kutambaa. Injini za Stirling hazikuliondoa tatizo hilo, kwa kuwa nguvu yake inatosha mwendo wa polepole tu. Zilifaa kwa kuvizia mahali pamoja. Kwa kukimbia hazikufaa.

Kuna pia suala la kuchaji. Ili kujaza betri, nyambizi hupanda karibu na uso wa maji, huinua bomba la kuvuta hewa na kuwasha dizeli. Huo ndio wakati wa hatari kuliko yote, kwa sababu bomba huonekana kwenye rada na dizeli husikika mbali. Betri ya risasi hupokea chaji polepole, hasa inapokaribia kujaa. Lithiamu hupokea kwa kasi karibu hadi mwisho, hivyo nyambizi hurudi chini mapema. Faida hiyo nayo ina gharama yake: kasi ya kuchaji ina maana tu kama jenereta inaweza kuifuata, na ndiyo maana nyambizi za karibuni za aina ya Taigei zimewekewa mtambo mpya wa dizeli wenye nguvu zaidi. Betri ikaleta ankara ya pili.

Si kila nchi imefanya hesabu kama ya Japani. Korea Kusini, ambayo ilishusha majini nyambizi yake ya kwanza ya lithiamu, Jang Yeong-sil, Oktoba 2025, imeweka betri hizo pamoja na mtambo wa seli za mafuta unaofanya kazi bila hewa. Nchi nyingine nyingi bado zinatumia risasi na asidi. Wanaobaki nayo wanaijua tabia yake kwa zaidi ya miaka mia moja, na bei yake ni ndogo.

Mnunuzi mmoja, oda moja kwa mwaka

Bei ya betri za magari ilishuka kwa sababu viwanda vilianza kuzalisha kwa mamilioni. Kwa nyambizi hakuna mamilioni. Japani hujenga takriban nyambizi moja kwa mwaka, na kazi hupokezanwa na karakana mbili za Kobe: Mitsubishi na Kawasaki. Mtengenezaji wa betri anamhudumia mnunuzi mmoja mwenye oda moja kwa mwaka, na seli anazotaka haziuzwi dukani.

Mfanyabiashara anajua maana yake. Anayeagiza kontena zima hupata bei ya jumla. Anayeagiza kipande kimoja kilichokatwa kwa vipimo vyake hulipia mashine, ukungu wa kumiminia, mafundi na siku ambazo kiwanda kimekaa bila kazi nyingine.

Kulikuwa na nafasi ya kubadilisha hali hiyo. Mwaka 2014 Tokyo ililegeza masharti ya kuuza silaha nje, kisha ikaingia katika ushindani wa kuijengea Australia nyambizi 12. Kazi hiyo ingewapa watengenezaji wa Japani mteja wa pili na oda kubwa kuliko zote za nyumbani. Aprili 2016 Australia iliichagua Ufaransa, na Septemba 2021 ikaiacha hata Ufaransa na kugeukia nyambizi za nyuklia za Marekani na Uingereza. Japani ilibaki na soko la nyumbani peke yake, na bei ya soko la mnunuzi mmoja.

Usalama nao una bei

Sehemu nyingine ya gharama haionekani kwenye seli. Januari 2013 betri za lithiamu katika ndege mbili za Boeing 787 ziliharibika kwa joto, moja ikiwa uwanjani Boston na nyingine angani Japani, na ndege zote 50 za aina hiyo zilizokuwa kazini duniani zikazuiwa kuruka kwa miezi kadhaa. Seli hizo zilikuwa za GS Yuasa. Wachunguzi wa Marekani walikuta kasoro katika utengenezaji, katika usanifu wa Boeing, na katika ukaguzi wa mamlaka ya anga. Ndege ziliporudi kazini, betri zilikuwa zimefungiwa kwenye masanduku ya chuma yenye njia ya kutolea moshi nje.

Ndege inaweza kutua. Nyambizi yenye watu wapatao 70, ikiwa mita mia kadhaa chini ya maji, haina pa kukimbilia moshi. Kwa hiyo kila seli hupimwa joto na volti, makundi ya seli hutenganishwa ili moja ikishika moto isiambukize jirani, na mfumo wa kuzima moto hujengwa humohumo. Dola 115 kwa kilowati-saa ni bei ya betri ya gari ambalo dereva anaweza kulisimamisha kando ya barabara na kushuka.

Yeni, siyo betri

Ukitazama mfululizo wa bajeti, mruko wa kwanza uko mwaka 2015, betri zilipobadilishwa. Kuanzia 2017 hadi 2022, pamoja na kuja kwa aina mpya ya Taigei, bei ilizunguka yeni bilioni 70 bila kuruka sana. Mruko wa pili ulianza baada ya hapo, wakati betri hazikuwa ngeni tena.

Kilichobadilika ni fedha. Mwaka 2015 dola moja ilinunuliwa kwa yeni 120 hivi. Mwaka 2024 ilihitaji takriban yeni 150. Oryu kwa kipimo cha dola ilikuwa kama milioni 530, na ile ya mwaka 2024 kama milioni 630. Kwa yeni bei imepanda karibu nusu. Kwa dola imepanda chini ya moja ya tano. Japani hununua nje karibu madini yote ya betri pamoja na nishati ya viwanda vyake, na yeni dhaifu huingia katika kila kipande. Wanaovusha bidhaa huku shilingi au faranga ikiteleza hawahitaji kuelezwa zaidi.

Madini yana sehemu gani?

Hapa ndipo biashara ya ukanda huu inapogusana na suala hili. Kobalti hutumika katika aina kadhaa za betri za lithiamu, ingawa si zote, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Sehemu ya mzigo huo hupita Kasumbalesa, huvuka Zambia, huingia Tanzania kwa Tunduma na kufika bandari ya Dar es Salaam, mwingi ukielekea China kusafishwa.

Februari 2025, bei ikiwa imeanguka kwa sababu ya mzigo kujaa sokoni, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti. Oktoba mwaka huohuo ikaufungua kwa mgao, ambao kwa miaka ya 2026 na 2027 ni tani 96,600 kila mwaka. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Wanaotengeneza betri za magari na simu huhisi mabadiliko kama hayo haraka, na wengi hukimbilia betri za chuma na fosfeti zisizohitaji kobalti kabisa. Katika nyambizi madini ni sehemu ndogo ya ankara. Gharama iko katika ufundi, majaribio, usalama na uchache wa oda. Kupanda kwa kobalti Kolwezi hakutaizuia Tokyo kuagiza nyambizi, na kushuka kwake hakutaifanya ilipe kidogo. Anayeuza madini ghafi hupata bei ya madini. Thamani inayobaki huenda kwa anayejua kuyageuza kuwa seli inayoaminika mita mia kadhaa chini ya bahari, na hilo ndilo lenye uzito kwa nchi za Jumuiya zinazozungumzia kusafisha madini nyumbani.

Kipimo cha Tokyo

Japani inalipa kwa sababu ya kile inacholinganisha nacho. Jeshi la majini la China linakua kila mwaka, na Tokyo iliamua mwaka 2010 kuongeza nyambizi zake kutoka 16 hadi 22, lengo lililofikiwa Taigei ilipoingia kazini mwaka 2022. Nyambizi ya nyuklia, ambayo haihitaji kuchaji kabisa, huigharimu Marekani zaidi ya dola bilioni 3 kila moja. Ukiweka dola milioni 630 kando ya bei hiyo, betri ghali inaonekana kama chaguo la mwenye kubana matumizi.

Mjadala huo haujafungwa. Mwaka 2025 jopo la wataalamu la Wizara ya Ulinzi ya Japani lilishauri nchi ifikirie nyambizi zenye nguvu ya kizazi kipya kwa safari ndefu, ushauri ambao wengi waliuelewa kuwa unaacha mlango wazi kwa nyuklia. Serikali ikielekea huko, swali litakuwa kama betri za GS Yuasa zimekwisha kurudisha kilichowekezwa kabla ya oda kupungua. Ikibaki na lithiamu, bei haitashuka sana hadi apatikane mteja wa pili.