Kalamu ya Kupimia Maji Haioni Viini

Je, msomaji, umewahi kuingia katika supamaketi ukamkuta kijana nadhifu amesimama nyuma ya meza yenye gilasi mbili za maji na jagi la plastiki lenye kichujio ndani yake? Atakuita kwa heshima, kisha akuonyeshe kifaa kidogo mfano wa kalamu. Atakichovya katika maji ya mfereji, nambari itokee. Atakichovya katika maji yaliyopitia kwenye jagi, nambari ishuke. "Umejionea mwenyewe, mama," atasema. Nawe utatoa pesa, kwani nani asiyeamini alichokiona kwa macho yake?

Jirani yangu alitoa. Siku iyo hiyo akaacha kuchemsha maji, akifurahi kwamba mtungi wake wa gesi sasa utadumu. Mwezi haukwisha kabla ya kitindamimba wake, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kuharisha hadi akalazwa hospitalini na kutiwa maji mwilini. Daktari aliuliza kuhusu maji ya kunywa. Mama akajibu kwa uhakika kwamba maji yake yamepimwa. Maji ya jagi yalipopelekwa maabara, yalipatikana na viini vitokavyo katika kinyesi. Ile kalamu, alipoichovya tena, bado ilionyesha nambari ndogo.

Sisemi kwamba jagi ndilo lililompeleka mtoto hospitalini. Mtoto wa umri huo hutia kila kitu kinywani. Ninalosema ni kwamba mama huyu aliiacha kinga aliyokuwa nayo kwa ajili ya kipimo ambacho hakikupima kile alichokuwa akikiogopa.

Kalamu hiyo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yenye chumvi na madini mengi hupitisha umeme zaidi, na nambari hupanda. Hiyo tu ndiyo kazi yake. Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua gilasi ya maji, tia chumvi kidogo, na nambari itaruka mara moja. Chukua gilasi nyingine, tia kijiko kizima cha sukari, koroga mpaka iyeyuke, kisha upime. Nambari itabaki karibu pale pale ilipokuwa. Ikiwa kifaa hakiwezi kuona kijiko cha sukari, kitawezaje kuona viini vya kipindupindu au vya homa ya matumbo?

Isitoshe, sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka kwenye mito na mabwawa ya milima ya Aberdare, kama vile Ndakaini na Sasumua, na kwa asili yake hayana chumvi nyingi. Yakiingiliwa na maji taka mahali bomba lilipopasuka, nambari huenda isibadilike kwa kiasi cha kukushtua. Lakini maji ya kisima kirefu, ambayo huenda hayana kiini hata kimoja, yataipandisha kalamu hiyo hadi uogope bure.

Je, jagi lenyewe ni la bure? La hasha. Majagi haya yalianza kuuzwa na kampuni ya Brita ya Ujerumani mwaka 1970, na yana kazi yake. Ndani ya kichujio mna makaa maalum na chembe ndogo zinazonasa baadhi ya madini. Makaa hunasa klorini, harufu na ladha mbaya. Chembe hupunguza ukoga ule mweupe unaoganda ndani ya birika, na aina nyingine za vichujio hupunguza hata madini ya risasi. Lakini majagi haya yalitengenezwa kwa nyumba ambamo maji ya mfereji ni salama tayari, na mtu anataka tu chai iwe na ladha nzuri. Wengi wa watengenezaji huonya, kwa maandishi madogo, kwamba usitie humo maji usiyojua usalama wake. Nani husoma maandishi hayo?

Basi ukitaka kujua kama jagi lako linafanya kazi, pima klorini. Watunzaji wa vidimbwi vya kuogelea wana vidonge au vikaratasi vya kupimia, navyo si ghali. Kuna kidonge ambacho hugeuza maji kuwa ya waridi yakiwa na klorini. Pima maji ya mfereji, kisha pima ya jagi. Ikiwa ya mfereji yamegeuka na ya jagi hayakugeuka, makaa yangali hai. Siku maji ya jagi yatakapoanza kugeuka waridi, kichujio kimekwisha. Na kitakwisha upesi kuliko unavyodhani. Kichujio cha kawaida huhesabiwa kuchuja lita 150 hivi. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita mbili kwa siku, itazimaliza kwa siku 15. Wangapi kati yetu hununua kichujio kipya kila baada ya wiki mbili? Wengi hukaa nacho mwaka mzima.

Hapo ndipo penye hatari ambayo muuzaji hakuitaja. Klorini unayoichukia kwa harufu yake ndiyo mlinzi wa maji. Shirika la Afya Duniani hutaka maji yanapofika kwa mtumiaji yawe na angaa miligramu 0.2 za klorini katika kila lita, ili kiini kitakachoingia baadaye kife. Jagi likifanya kazi yake vyema, humwondoa mlinzi huyo. Kuanzia hapo, kikombe kichafu kikitumbukizwa, au kichujio kikikaa na unyevu jikoni kwenye joto, viini huzaana bila pingamizi. Ndiyo sababu nasikitika nikiona watu wakitia dawa ya klorini kwenye maji, kisha kuyapitisha kwenye jagi ili kuondoa harufu, na kuyaweka siku tatu.

Nao wanaokunywa maji ya visima, hasa katika mitaa ya Nairobi ambako lori la maji ndilo mfereji, wana shida nyingine, nayo ni floraidi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Jagi la kawaida haliwezi kuiondoa ya kutosha. Kuchemsha nako huizidisha, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Huko Nakuru, Jimbo la Kanisa Katoliki limetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuichuja, na mkaa huo huifanya kazi hiyo barabara. Hili ni jambo la kupimwa katika maabara, kama ile ya Mkemia wa Serikali. Kwa upande wa viini, mwombe mpimaji akutafutie E. koli. Katika mililita 100 za maji ya kunywa kisipatikane hata kimoja.

Kwa maoni yangu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lingepaswa kulazimisha kila jagi liandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwamba haliui viini. Nao wenye maduka wakomeshe maonyesho ya kalamu. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliohudhuria mikutano katika majumba ya fahari hapa Nairobi. Tusidhani ni maradhi ya mitaa ya mabanda pekee.

Jirani yangu hakulitupa jagi lake. Sasa huchuja kwanza, kisha huchemsha. Hapa Nairobi maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, lakini yakitokota kwa dakika moja yanatosha. Aliye Limuru au Eldoret, ambako ni juu zaidi ya mita 2,000, ayaache dakika tatu. Yakipoa huyatia kwenye mtungi safi wenye mdomo mwembamba na kifuniko, ili asiwepo wa kutumbukiza kikombe. Jagi huliosha kwa sabuni kila Jumamosi, na tarehe ya kubadilisha kichujio ameiandika kwenye kalenda iliyo ukutani.