Kifaru cha Fundi Kiwekwe Mezani



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuandika mambo ya masomo, kazi, na foleni. Leo naandika juu ya kitu chenye urefu wa sentimita 56 ambacho kimetugawa kwa wiki mbili sasa: kifaru cha rimoti alichotengeneza mwenzetu, yule tunayemwita Fundi.

Kwa ambao hawako hapa Nakivale, habari ni hii. Kundi letu linaandaa meza ya kazi za mikono kwa ajili ya tarehe 20 mwezi wa 6, Siku ya Wakimbizi Duniani. Tayari kuna vikapu, nguo za kitenge, sabuni na picha za kuchora. Fundi naye akaomba nafasi. Wazazi kadhaa, na wenzetu wawili wa kamati, wakasema hapana: tumekimbia vita, halafu sisi wenyewe tuiweke vita juu ya meza? Jumamosi tunapiga kura. Mimi nitapiga kura kiwekwe, na nasema sababu zangu mapema ili anayetaka kunipinga aje amejiandaa.

Kwanza niwatendee haki wanaokataa. Mama mmoja alisema kwenye kikao: "Ile sauti naijua. Sipendi mtu anikumbushe tena." Hapo hakuna cha kubishana. Mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda akisikia minyororo ya chuma ikipita barabarani usiku, huwezi kumwambia "mama, ni mchezo tu." Wenzangu mnaokitetea kifaru kwa kusema ni toy, tafadhali acheni. Ingekuwa toy tu, tusingegombana. Kinauma kwa sababu kinafanana na chenyewe, na mimi nakitetea kwa sababu hiyohiyo.

Kifaru chenyewe ni T-55, cha Kirusi, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1958 na kikasambaa Afrika nzima. Jeshi la Kongo lilikuwa navyo upande wa Kibati, kaskazini ya Goma, wakati wa vita na M23 mwaka 2013. Kwa hiyo Fundi hakukitoa kwenye sinema. Amechagua kitu kilichopita barabara ya kwao.

Kipimo chake ni 1 kwa 16, yaani kila sentimita 16 za kifaru cha kweli zimekuwa sentimita 1. Huo ndio ukubwa ambao watengenezaji wengi wa vifaru vya rimoti duniani wanaupenda. Tamiya ya Japani na Heng Long ya China wanauza vya ukubwa huo, vingine vina moshi, mlio wa injini, hata miale isiyoonekana ya kupigana navyo, kimoja kikipigwa mara kadhaa kinazimika. Cha Fundi hakina hayo. Kimetoka kwenye makopo ya mafuta ya msaada, yaleyale tunayotengenezea milango.

Sasa nataka mkione kazi yenyewe, maana wengi wanaokisema hawajakisogelea.

Chukueni magurudumu. T-55 ina magurudumu matano kila upande, na kila moja lina kipenyo cha karibu sentimita 81. Gawanya kwa 16, unapata 5. Fundi alizunguka wiki nzima akiokota vifuniko vya sentimita 5, vyote kumi vya aina moja, akavizungushia mpira wa ndala. Halafu ukiangalia vizuri utaona gurudumu la kwanza limeachana na la pili kuliko mengine yanavyoachana. Unaweza kudhani kakosea. Hapana, T-55 ndivyo ilivyo, na hiyo ni alama mojawapo ya kuitambua kwa mbali.

Minyororo ndiyo iliyomtesa. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akabandika vipande vya bati kimoja kimoja. Kwenye T-55 hakuna vigurudumu vidogo vya kubeba mnyororo upande wa juu, unalegea na kulala juu ya magurudumu makubwa. Ukiukaza sana, haufanani. Ukiulegeza sana, kifaru kikikata kona mnyororo unaruka kwenye gurudumu la nyuma, lile linalousukuma. Kati ya hizo mbili kuna milimita chache tu, na amezitafuta kwa mwezi mzima.

Halafu mwendo. Mota ndogo inazunguka haraka lakini haina nguvu. Ukiiunga moja kwa moja na gurudumu, inalia tu kama mbu. Kwa hiyo akatoa giya za plastiki kwenye printa mbovu. Giya ya meno 10 ikizungusha ya meno 40, mwendo unapungua mara 4 na nguvu inaongezeka karibu mara 4. Ukirudia tena, ni karibu mara 16, ukiondoa inayopotea kwa msuguano. Hii ndiyo fizikia tuliyokariri ubaoni bila kuigusa.

Na kukata kona? Kifaru hakina usukani wa kugeuza magurudumu ya mbele. Unasimamisha mnyororo mmoja, mwingine unaendelea, kinageuka. Fundi alichukua rimoti ya gari la kuchezea lililoharibika. Rimoti hiyo ina njia mbili: moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia. Njia ya kwanza akaipa mota ya mnyororo wa kushoto, ya pili akaipa mota ya kulia. Akafungua rimoti na kugeuza kijiti cha pili ili nacho kisukumwe mbele na nyuma. Jameni, hakufundishwa na mtu! Shuleni hayuko, kwa sababu mnazozijua wote, na simu zenu nyingi mlizo nazo mkononi zimepita kwake.

Kuna hesabu nyingine iliyonishangaza. T-55 ya kweli ina uzito wa tani 36 hivi. Kumbe ukipunguza urefu mara 16, uzito haupungui mara 16. Unapungua 16 mara 16 mara 16, yaani mara 4,096. Kinabaki karibu kilo 9. Cha Fundi ni bati tupu, chepesi, kilikuwa kinarukaruka kwenye mawe kama panya. Akakijaza mchanga chini, ndani ya chupa zilizokatwa. Sasa kinapita polepole, kinapanda jiwe, kinainama, kinashuka. Na hapo ndipo watu walipoanza kuogopa, maana kinatembea kama chenyewe.

Sasa nifike kwenye kile ambacho kwangu ndicho kiini: rangi na uchafu.

Mtu asiyejua angepaka kijani, akamaliza. Fundi anajua kifaru kipya hakuna aliyekiona kwetu. Amepaka kijani, halafu akakizeesha. Minyororo ina kutu, kwa sababu hailindwi na rangi. Mlangoni kwa dereva rangi imekwanguka, kwa sababu ndipo buti zinapokanyaga. Upande wa kushoto kuna masizi, kwa sababu bomba la moshi la T-55 liko kushoto. Kila doa lina sababu yake. Ukimuuliza kwa nini hapa pamechakaa na pale hapajachakaa, anakujibu.

Na matope. Kwanza alitumia udongo wa barabara ya hapa, marramu nyekundu, akaichanganya na gundi ya mbao. Mzazi mmoja akapita, akasimama, akasema: "Hapana. Matope ya kwetu haiko mwekundu. Iko mweusi." Kweli, Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, vumbi lake ni la volkano. Fundi akakwangua yote, akasaga makaa, akachanganya na majivu, akaanza upya. Mama huyo alikaa pale karibu saa nzima akieleza barabara ya kwao ilivyokuwa, nani alikuwa na duka wapi, chukudu zilivyokuwa zinashuka na viazi kutoka Kibumba. Watoto wake wadogo, waliozaliwa hapa, walikuwa wanasikia mengine kwa mara ya kwanza. Na mjue, ni yuleyule mama aliyesema kikaoni hataki kukumbushwa. Bado anakataa kiwekwe mezani, na hajajipinga: kukumbushwa kwa ghafla mbele ya watu ni jambo moja, kukumbuka kwa kutaka mwenyewe ni jingine. Basi kazi yetu ni kupanga meza ile iwe ya namna ya pili. Masharti nitayataja chini.

Kuna wanaosema: mbona asitengeneze ambulansi, au chukudu? Ninazipenda chukudu, na wadogo zetu wanazitengeneza kila siku. Lakini tujiulize nani aliamua kwamba mkimbizi aonyeshe tu vitu vya kupendeza. Vikapu vizuri, shanga nzuri, mgeni anafurahi, anapiga picha, anaondoka. Aliyechora mahema na watu wenye mizigo kichwani tumempa ukuta mzima, hakuna aliyemwambia anatukumbusha vibaya. Tumezoea kuonyesha tulivyokimbia. Kilichotukimbiza hatukionyeshi.

Wengine wanaogopa kwamba wavulana watapenda silaha. Hofu hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu sote tunajua vijana waliorudi ng'ambo kushika bunduki. Lakini ngoja niwaambie Fundi anavyowafundisha wadogo wanaokuja kushangaa. Anafungua kichwa cha kifaru, anawaonyesha ndani. Watu wanne wanakaa humo. Dereva yuko mbele kushoto, peke yake, na kuliani kwake kuna mafuta na makombora. Watatu wamebanana juu, magoti ya mmoja mgongoni mwa mwingine. Anawauliza: "Kikipigwa, unatokea wapi?" Wanakaa kimya, wanahesabu milango. Mvulana anayedhani kifaru ni kiti cha mfalme, mpeleke kwa Fundi dakika kumi. Sinema inamwonyesha kifaru kwa nje tu.

Hofu yangu mimi ni nyingine, ni ya wageni. Naiona ile picha ikisambaa: kijana mweusi, kambi, kifaru, na chini yake maneno ya huruma juu ya "mtoto wa vita" ambaye hawezi kuota kitu kingine. Hapo Fundi atakuwa amegeuzwa mgonjwa, wakati yeye ni fundi. Tukikiweka mezani bila mpango, ndivyo itakavyokuwa.

Kwa hiyo ninaunga mkono kwa masharti haya, na naomba yaingie kwenye kura:

1. Kikae chumba cha ndani, meza ya mwisho. Mlangoni pawe na karatasi inayosema kilichomo, ili asiyetaka kukiona apite zake bila kuulizwa kwa nini.

2. Hakuna sauti ya mlipuko, ya simu wala ya mdomo. Mzinga ugeuzwe nyuma, usielekee mtu.

3. Kitembezwe kwa saa zinazojulikana tu, ndani ya uwanja uliozungushiwa kamba. Kukimbiza watoto nacho ni marufuku. Atakayefanya hivyo, kifaru kinarudi nyumbani siku hiyohiyo.

4. Betri zake zimetoka kwenye laptop iliyokufa. Zichajiwe kwa chaja yake, mtu akiwa karibu, zisiungwe moja kwa moja na paneli ya sola. Betri za namna hiyo zinawaka moto, na nyumba zetu ni za turubai na miti.

5. Kibao chake kisiwe na hadithi ya huruma. Kiandikwe: T-55, kipimo 1 kwa 16, makopo ya mafuta, mota mbili, giya za printa. Anayetaka zaidi amuulize mwenyewe, na yeye aamue atajibu nini. Picha yake ipigwe kwa ruhusa yake.

Na nina ombi moja zaidi, hili si sharti. Yule mama wa matope tumwombe aje siku ya kwanza kabla ya wageni, akikague. Akisema hapana hata baada ya hapo, mimi nitakuwa tayari kusikiliza tena. Akisema kuna kitu kimekosewa, Fundi atarekebisha, mnajua alivyo.

Tukimkataza, hataacha kutengeneza. Atatengenezea ndani, mlango umefungwa, na wadogo watachungulia kwenye nyufa. Hapo hakutakuwa na wa kuwauliza watatokea wapi, wala mzazi wa kusahihisha rangi ya udongo. Mimi ningependa yote hayo yafanyike mbele yetu, wakubwa wakiwepo.

Kikao ni Jumamosi saa nane mchana, mahali pa kawaida. Fundi atakuja nacho, kimefunikwa kitambaa. Anayetaka kukiona kabla ya kupiga kura aende kwenye kona ile amwombe afunue, na asiyetaka apige kura yake bila kukiona. Kura zote mbili zitahesabiwa sawa.