Unataka Karatasi au Unataka Shamba?

DIRISHA LA MSIMBAZI
Na Mwanaidi Kitwana

Januari ikifika, barua za kujiunga na kidato cha kwanza hutumwaga wazazi Kariakoo. Orodha tunaijua kwa moyo: jembe lenye mpini, fagio, ndoo, shuka mbili na rimu ya karatasi za A4. Rimu haikosi. Hata shule isiyo na mashine ya kurudufu inadai rimu. Basi wiki iliyopita nilimshika mkono mpwa wangu, tukashuka mwendokasi Msimbazi Polisi, tukajipenyeza katikati ya maguta na mikokoteni hadi duka moja la jumla la vifaa vya shule.

Kijana wa dukani akanitandikia rimu tatu za bei tatu. Nikageuza pakiti ya kwanza: gramu 80, karatasi 500, imetengenezwa Indonesia. Pembeni pana mchoro wa kimti cha kijani na maneno ya Kiingereza kuhusu misitu endelevu.

"Mwanangu, miti ya hii karatasi ilitoka msitu gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Mama," akasema, "unataka karatasi au unataka shamba?"

Kuli aliyekuwa anapita na katoni tatu begani alicheka mpaka akazishusha chini. Nami nilicheka. Utani wa Kariakoo una tabia ya kugonga penyewe, na huu uligonga penyewe hasa, kwa sababu nilichokuwa nataka ni shamba.

Tuanze huko rimu zinakotoka. Katika biashara ya karatasi ya Indonesia hakuna jina zito kuliko Asia Pulp & Paper, ya kundi la Sinar Mas, la familia ya Widjaja. Kwa miaka mingi miti ya asili ya Sumatra iliingia mitamboni mwao, pamoja na ile inayoota juu ya ardhi ya mboji, ardhi ambayo ukiikausha inawaka moto wa chini kwa chini wiki hadi wiki. Mwaka 2007 Baraza la Usimamizi wa Misitu, lile la alama ya FSC, lilikata uhusiano na kampuni hiyo. Mwaka 2011 Greenpeace wakamgeukia Barbie, yule mwanasesere, kwa sababu ya maboksi anayouziwa ndani yake, na Mattel wakalazimika kubadili wanavyonunua karatasi. Tarehe 5 Februari 2013 kampuni ikasalimu amri. Ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 ya mwezi ule hakuna anayewauzia magogo atakayefyeka tena msitu wa asili.

Tarehe, msomaji wangu, tarehe. Ahadi ya "tutajali misitu" haina uzito hata wa ganda la karanga. Ahadi yenye tarehe inashikika. Setilaiti inapita juu, picha ya mwaka huu inawekwa kando ya picha ya siku ile, na msitu ama upo ama haupo.

Na waliipima. Februari 2015 Rainforest Alliance, walioitwa kukagua na kampuni yenyewe, walileta majibu ya vuguvugu: kufyeka kwa ajili ya mashamba mapya kulikuwa kumesimama, lakini misitu iliyobaki ndani ya maeneo ya wauzaji iliendelea kuliwa na wavamizi, na migogoro ya ardhi na wanavijiji ilikuwa bado imelala mezani. Mwaka huohuo moto wa ardhi ya mboji ukaifunika Singapore kwa moshi, na maduka makubwa ya kule yakaziondoa bidhaa za kampuni kwenye rafu. Kisha Mei 2018 Greenpeace, waliokuwa wamekaa nayo meza moja tangu ahadi itolewe, wakanyanyuka. Walidai kwamba karibu hekta 8,000 za msitu na ardhi ya mboji zilikuwa zimefyekwa tangu 2013 na makampuni mawili yenye uhusiano na kundi lile.

Hapo ndipo lilipo swali lingine, la mwenye shamba. Kampuni inaweza kusema kweli tupu kuhusu wauzaji walio kwenye orodha yake, wakati ndugu wa muuzaji, kwa jina jingine, anafyeka ng'ambo ya mto. Kariakoo hatuhitaji semina kuuelewa mchezo huu. Duka linafungwa jioni kwa deni, asubuhi linafunguliwa kwa TIN ya shemeji, na mizigo ni ileile.

Sisemi ahadi ile ilikuwa bure. Kabla ya 2013 hatukuwa hata na cha kuwashikia. Ninachosema ni kwamba ripoti ya "maendeleo" isiyotaja tarehe, ramani na mwenye mali ni tangazo la biashara, na matangazo Msimbazi tunayo ya kutosha, tena yenye spika.

Sasa turudi nyumbani, maana kiwanda cha karatasi nasi tunacho.

Juu kule Mufindi, mkoani Iringa, majaribio ya kupanda paina Sao Hill yalianza mwaka 1939. Upandaji mkubwa ulikuja baada ya Uhuru, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nia ilikuwa wazi: siku moja Tanzania itengeneze karatasi yake. Kiwanda kikajengwa Mgololo kwa jina la Southern Paper Mills, kikaanza uzalishaji mwaka 1985, kwa uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Waliosoma miaka ile wanakumbuka hamu iliyokuwapo ya daftari lisilotoka nje. Kilichofuata wanakikumbuka pia: kiwanda kikayumba, kikasimama, kikaingia kwenye kapu la ubinafsishaji. Leo kinaitwa Mufindi Paper Mills na kimo mikononi mwa Rai Group, hao hao walionunua mwaka 2016 kiwanda cha PanPaper cha Webuye, Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1974 na kufa mwaka 2009.

Rimu ya mpwa wangu haitoki Mgololo. Kazi kubwa ya kiwanda kile sasa ni karatasi ya kahawia, krafti, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Vipande vya paina vinapikwa kwa dawa kali ya magadi mpaka mti unaachia nyuzi zake, na nyuzi za paina ni ndefu, ndiyo maana mfuko wa simenti wa kilo 50 unarushwa kutoka kwenye lori na haupasuki. Karatasi hiyo msomaji unaigusa kila siku bila kuitambua. Mfuko wa simenti ukishamwagwa Tabata au Mbagala, unakung'utwa, unakatwa, unagundishwa kwa uji wa ngano, na kesho yake unabeba vitumbua.

Je, mti wa Mgololo ungejibu vipi maswali yangu? Kwa sehemu, vizuri. Paina za Sao Hill zilipandwa zaidi kwenye nyasi na vichaka vya nyanda za juu, hazikuchukua nafasi ya msitu mnene kama wa Sumatra. Shamba lina mipaka ya serikali, hekta 135,903, na ndani yake pameachwa misitu ya asili kulinda vyanzo vya maji. Mwenye mali anajulikana: ni umma, kupitia Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. (Wanaosema nyasi si kitu wamuulize mfugaji, au chura wa bondeni. Lakini hiyo ni safu ya siku nyingine.)

Jibu linaanza kukwama nje ya uzio wa Sao Hill. Miaka hii paina imekuwa akiba ya benki ya watu wa Dar es Salaam. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 2014, uliwafundisha wakulima wa nyanda za juu kupanda kitaalamu, na hilo ni jema. Lakini sambamba nao limekuja jeshi la wenye mashamba wanaoishi mjini. Katika mduara wangu wa kijumbe peke yake tupo wanne wenye ekari za miti Mafinga, wawili kati yetu hatujawahi kuzikanyaga. Mimi ni mmoja wa hao wawili. Nilionyeshwa picha kwenye simu, nikalipa, nikapewa karatasi ya serikali ya kijiji. Mwaka ule kabla ya paina yangu palikuwa na nini pale? Miyombo? Shamba la mahindi la mjane? Sikuuliza. Magogo yangu yakikomaa yataingia kwenye lori pamoja na ya wengine, na yakishaingia, hakuna atakayeyatenganisha.

Ndiyo maana nasema ripoti ya kampuni moja, hata ikiwa ya kweli, haitoshi pasipo daftari la nchi. Tazama kahawa. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine chache zisiingie kwao kama zimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi tumeshayaona: mkulima mwenye nusu ekari ya mibuni anapimiwa shamba lake kwa setilaiti. Kahawa yetu inayotoka inahojiwa kama mtuhumiwa. Karatasi inayoingia bandarini inapita ikipiga mluzi.

Wala isisemwe kwamba mambo haya ni ya wazungu na wenye kompyuta. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata hati ya FSC kwa misitu yao ya asili, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo, na vilikuwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Walipima wenyewe, wakahesabu mipingo yao wenyewe, wakaweka kumbukumbu kwenye madaftari ya kawaida. Kama Kisangi imeweza, muuza rimu wa jumla anayeagiza kontena zima ameshindwa nini kukidai kiwanda barua moja?

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Niliunga mkono na bado naunga. Mitaro ya Kariakoo inajua tofauti. Lakini kumbuka kilichotokea mtaani: ndani ya wiki chache karatasi ya khaki ilirudi kwa kishindo, bahasha za chipsi, za karanga, za maandazi, pamoja na ile mifuko ya kitambaa cha kubabaisha. Tulihama kutoka kwenye mafuta ya petroli tukahamia kwenye mti, na hakuna kiongozi hata mmoja niliyemsikia akiuliza mti upi.

Wanaofanya kazi ya kweli ya kupunguza shoka hawana alama ya kijani popote. Simama Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe maduka yanapofunga. Vijana wanapita na mikokoteni, wanayakanyaga maboksi mpaka yanalala bapa, wanayafunga kamba, wanaenda kuyapima kwa kilo. Boksi hilo linarudi kiwandani, linalowekwa, linakuwa rojo, linazaliwa tena boksi. Uzi wa karatasi unaweza kurudiwa mara tano hadi saba kabla haujawa mfupi mno wa kushikana. Kila mzunguko ni mti ambao haukuhitajika. Vijana hao wanafukuzwa na mgambo kwa kuziba njia.

Najua mtu ataniambia: Mwanaidi, karatasi si adui mkubwa wa misitu ya Tanzania. Kweli. Takwimu rasmi ziliweka upotevu wa misitu yetu kwenye hekta 469,420 kwa mwaka, na walaji wakubwa ni mashamba mapya na mkaa. Mto Msimbazi wenyewe, uliotupa jina la mtaa, unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, na kila masika unapojaa unatuletea Jangwani udongo wa vilima vilivyovuliwa nguo. Gunia la mkaa nalo lina safu yake. Ila mkaa unauzwa na maelfu ya watu wasiojulikana. Karatasi inauzwa na makampuni yanayohesabika, yenye anwani, yenye ripoti za kila mwaka, na mnunuzi mkubwa nchini ni mmoja: Serikali.

Kwa hiyo ombi langu si kwa mama mwenye kidato cha kwanza, ana mzigo wa kutosha. Ni kwa Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini na kwa wote wanaotangaza zabuni za karatasi kwenye mfumo wa NeST. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu: mti ulivunwa wapi, kwa nani, na ardhi ile ilikuwa na nini kabla. Asiyejua asishinde zabuni. Ombi hilohilo nalielekeza kwa mhariri wangu, maana hata gazeti ulilolishika ni mti, na nilipomuuliza mti wa wapi alinijibu nimalize safu kwanza.

Rimu tulinunua, ile ya katikati kwa bei. Mpwa wangu aliibeba mwenyewe mpaka Gerezani. Kwenye basi nikaigeuza tena, pande zote sita: jina la nchi lipo, uzito upo, kimti cha kijani kipo. Jina la shamba halimo.