Mwosha Huoshwa



Ndugu msomaji, wahenga walisema mwosha huoshwa. Mama yangu, Allah amrehemu, aliitamka methali hiyo kila alipoitwa kwenda kuosha maiti, huku akiuteremsha mkoba wake kutoka juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na bafta, pamba, kafuri, uzi na sindano, pamoja na majani ya mkunazi aliyoyakausha kivulini. Sisi watoto hatukuthubutu kuugusa.

Kwa miaka mingi aliwaosha wanawake wa mtaa wetu, Ngamiani, Tanga. Hakupokea ujira, aliyemtilia kitu mkononi, alikirejesha kwa wafiwa. Aliweza kuitwa baada ya Isha akarudi karibu na alfajiri, nasi tukiamka tunakuta chai imekwisha tengwa, naye yuko juu ya msala. Aliyoyaona kwa maiti hakuyasimulia. Tulipomdadisi, alijibu kuwa maiti ni amana.

Ilipofika zamu yake, sisi binti zake watatu tulisimama mlangoni tusijue pa kuanzia. Tulilia sana, lakini kilio hakimwoshi maiti. Aliyeingia ni binti wa jirani, ambaye mama alikuwa akimchukua amsaidie kumimina maji. Alianza upande wa kuume na viungo vya udhu, kama Mtume (s.a.w.) alivyowaelekeza Ummu Atiyya na wenzake walipomwosha binti yake. Akaosha kwa idadi ya witiri, kwa maji yenye mkunazi, na mara ya mwisho akatia kafuri. Kisha akageuka akatwambia, "Dada zangu, njooni mmimine maji. Huyu ni mama yenu."

Tuliingia. Mikono ilitutetemeka, lakini tulimimina, na nywele zake tukazisuka misuko mitatu.

Kumwosha maiti ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine husalimika, wakiiacha wote, wote hubeba dhambi. Nyumbani kwetu tulistarehe kwa kuwa mama alikuwepo. Tulimpenda, tulimtibu, tulimnunulia kanga kila Idi. Lakini elimu yake hatukuitaka, kwa kuwa tuliiogopa.

Swahaba Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake naye hayupo. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo sadaka ingemfaa marehemu, na alipojibiwa kuwa ingemfaa, aliitoa bustani yake kwa ajili ya mamaye. Sisi hatuna bustani ya kutoa. Alichotuachia mama ni mkoba ule.

Tumeuteremsha. Kila Jumamosi baada ya Alasiri, binti yule hutufundisha pamoja na wasichana wengine wa mtaani, kuanzia kukata sanda hadi kuifunga. Mkunazi uani kwetu bado unatoa majani.

Ewe binti ambaye mama yako yu hai, usingoje tanzia. Ikiwa anaosha maiti, anasomesha madrasa au anahudumia wazazi waliojifungua, fuatana naye leo umshikie japo kata ya maji. Dua ya mtoto mwema humfikia mzazi kaburini, na elimu aliyoiacha ikinufaisha watu, thawabu zake hazikatiki.

Ewe Mola, msamehe mama yetu, linawirishe kaburi lake, na uwarehemu wazazi wetu wote kama walivyotulea tungali wadogo. Amin.