Watawa Waliosema "Yatosha"

Nina mpwa wangu afanyaye kazi katika hoteli moja ya watalii huku pwani. Juzi alinijia barazani baada ya Isha, akaniuliza: "Mjomba, mgeni wetu mmoja alikuja juu kwa kukosa kinywaji cha kijani kiitwacho Chartreuse. Ati chatengenezwa na watawa wa Ufaransa, nao wamekataa kutengeneza kingi. Watu wa dini na pombe, wapi na wapi?"

Swali hilo si dogo, wasomaji wangu, na jawabu lake laanzia karibu na kwetu kuliko tudhaniavyo.

Tazameni maneno yenyewe. Alkoholi ni al-kuhl, yaani wanja. Alembiki, chombo cha kukenekea, ni al-anbiq. Eliksiri ni al-iksir. Hayo mawili ya mwisho Waarabu nao waliyapokea kwa Wayunani, kwani elimu haina mwenyewe. Katika karne ya 9, al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu juu ya manukato na jinsi ya kuyakeneka: chungu huchemshwa, mvuke ukapanda, ukapoa, ukadondoka. Ndivyo yapatikanavyo marashi ya mawaridi tunayonyunyiziana kwa mrashi katika maulidi na harusi.

Ulaya iliipokea elimu hiyo kwa njia ya vitabu vya tiba vilivyofasiriwa kutoka Kiarabu hadi Kilatini. Waganga wa Salerno, Italia, wakakeneka mvinyo. Baadaye ule ukali wake ukatumiwa kurowekea majani, mizizi na viungo, kwa sababu huvuta nguvu ya mmea na kuuzuia usioze. Mgonjwa alipewa kwa matone. Ilikuwa dawa.

Mwaka wa 1605, watawa wa Kikartusi karibu na Paris walipewa na d'Estrées, mkuu wa jeshi, karatasi iliyoeleza iksiri ya maisha marefu. Ilikuwa ngumu kufahamika, na haikukamilika kutengenezwa mpaka mwaka wa 1737, kwenye nyumba yao kuu milimani karibu na Grenoble. Yasemwa ina mimea 130. Lakini watu waliipenda kwa ladha kuliko kwa maradhi, na kufikia 1840 watawa walikuwa na aina mbili zilizolegezwa ukali, ya kijani na ya manjano. Dawa ikahama kutoka kitandani kwa mgonjwa, ikaingia katika meza ya starehe.

Mwaka wa 1903 serikali ya Ufaransa iliwafukuza. Wakahamia Tarragona, Hispania, na siri yao kifuani. Jina lao likauzwa, lakini walionunua jina hawakupata ujuzi, na biashara yao ikafilisika.

Wengine waliona kuwa jina la utawa pekee lina faida. Mwaka wa 1863, huko Fécamp, mfanyabiashara Alexandre Le Grand alitoa kinywaji cha Bénédictine, akidai ni ufundi wa mtawa wa mwaka wa 1510. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo. Chupa, hata hivyo, zinauzwa hadi leo.

Sasa tuje kwenye habari ya mgeni wa mpwa wangu. Mwaka wa 2019, Wakartusi waliamua kutozidisha kiasi wanachotengeneza. Uamuzi huo ulijulikana kwa wengi mwaka wa 2023, wakati wanunuzi, hususan wa Marekani, walipokuwa wakizidi. Maduka yakakaukiwa, na bei ikapanda. Sababu walizotoa watawa ni mbili: kulinda maisha yao ya upweke na sala, na kutoyaelemea mazingira. Siri yenyewe iko kwa watawa wachache tu, na kila pipa la ziada ni saa iliyotolewa katika ibada yao.

Sisi hukumu ya kinywaji hicho twaijua. Qurani, katika Suratul-Baqara, imetaja kuwa ulevi una manufaa na una dhambi, na dhambi ndiyo kubwa zaidi. Sikuandika haya kukipamba. Watawa nao hawakuacha kukiuza, wamekataa kuongeza tu. Lakini nauliza: ni nani kati yetu, mwenye biashara ya halali kabisa, aliyegongewa mlango na wanunuzi akasema, "Yatosha, wakati wa sala umefika"? Mara ngapi adhana hutukuta dukani, nasi twasema, "Huyu mteja mmoja, kisha nije"?

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hivyo, Mjomba, wameacha faida?"

Nikamjibu: "Wameacha ile iliyotaka kula wakati wao."

Akainuka akaenda zake. Kesho yake zamu yake ilikuwa ya alfajiri.