Duka Nalo ni Huduma

Jumapili moja bwenini tulibishana juu ya neno hili: je, mtu aweza kumtumikia Mungu akiwa nyuma ya meza ya duka? Wenzangu wengi walisema hapana. Huduma ni ya mchungaji, padre na katekista, na mwenye duka hutafuta faida tu. Mimi sikukubali.

Kwetu ni Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Shangazi yangu ana duka dogo huko: chumvi, sabuni, sukari na madaftari. Wateja wake ni wavuvi wa usipa na akina mama wa Kikisi wafinyanzi wa vyungu. Usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa, na fedha hazipatikani. Ndipo daftari la madeni hujaa. Giza likirudi watu hulipa, au tuseme wengi wao.

Likizo iliyopita niliachiwa duka siku mbili. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya mlimani, na chumvi ilibaki kwetu tu. Basi nikapandisha bei, nikajiona mfanya biashara hodari! Shangazi aliporudi hakunipiga wala hakunikemea. Aliniuliza nimemwuzia nani na nani, kisha akanituma nyumba kwa nyumba kurudisha kilichozidi. Bibi mmoja alihesabu sarafu zile mara mbili, akacheka, akanipa usipa. Sijapata kuona aibu kama ile.

Najua mtu atasema huo ni uungwana tu, hata asiye Mkristo aweza kuufanya. Ni kweli, nami nafurahi. Lakini Mtume Paulo alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18), wala hatusomi kwamba kila aliposhika sindano aliacha kumtumikia Mungu. Naye nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwashutumu wafanya biashara waliongoja sabato ipite wapate kupunguza vipimo. Angalieni: watu wale walishika sabato! Ndiyo maana siridhiki nionapo aya ya Biblia ukutani mwa duka, na mezani kipimo kilichobonyezwa kitako. Wala siridhiki na mnunuzi wa viazi anayemdai mkulima lumbesa huku kwetu Njombe, kisha Jumapili akatoa sadaka nono.

Kuna jambo moja ambalo sipatani na shangazi. Yeye hukopesha hata mtu asiyelipa, kwa kuwa, asema, watoto wa mtu huyo nao hula chumvi. Mwaka jana alikosa fedha za kununua mzigo, duka likakaa tupu majuma mawili, na wale wale aliowahurumia wakapanda mlima mpaka Ludewa kutafuta chumvi. Kwa maoni yangu kumnyima mkopo mtu wa namna hiyo, ili wengine wapate kununua kesho, nako ni kuhudumu. Nilimwambia hivyo tukifunga duka. Akanijibu kwamba nimesoma hesabu nyingi mno. Tutaendelea likizo ya Desemba.

Mwanafunzi wa Kidato cha 3