Banda la Kazi Uani: Lijengwe kwa Kitu Gani?



Mwezi huu twajibu swali tuulizwalo mara kwa mara na vijana wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro. Kijana amekwisha kujifunza ufundi wa kuchomelea vyuma, au useremala, au kutengeneza pikipiki. Amechoka kulipa kodi ya kibanda cha barabarani, naye anayo nafasi uani kwao. Auliza: je, banda lake alijenge kwa miti na udongo, kwa matofali, au kwa mabati? Swali hili ni la maana. Mwenye banda haweki chini ya paa lake vyombo vyake tu, bali na watoto wa watu waliomjia kujifunza kazi, na hao ni amana.

Kabla ya kutaja gharama, yatupasa kuikumbuka siku moja. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, 2016, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja ya mwaka 1437, ardhi ya mkoa wetu wa Kagera ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi ziliharibika au kuanguka kabisa. Msiba ulikuwa mzito zaidi upande wa Bukoba, lakini mkoa wetu wote hauko mbali na Bonde la Ufa la magharibi, na lililotokea mara moja laweza kutokea tena. Siku yake yajulikana kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini sote twajua kwamba aghlabu mtu hauawi na mtikisiko wenyewe. Huuawa na ukuta umwangukiao. Basi na tuzipime njia za kujenga kwa mizani hiyo.

Njia ya kwanza ni miti na udongo. Ni rahisi, na ukuta wake huyumba pamoja na ardhi kwa sababu miti imefungwa pamoja. Lakini mchwa huila miti chini kwa chini, mvua za masika na vuli huumomonyoa udongo, na mwizi huutoboa kwa panga. Kwa banda lenye cheche na petroli, njia hii haifai.

Ya pili ni matofali mabichi yaliyounganishwa kwa udongo. Hii twaikataza waziwazi. Ukuta wake ni mzito, wala hapana kitu kinachoushika, ukitikiswa, huporomoka.

Ya tatu ni matofali ya kuchoma. Tofali zuri ukiligonga kwa jingine hulia kama chuma, na ukililaza majini usiku kucha haliyeyuki. Aibu yake ni mbili. Kwanza, tanuru hula magogo mengi, na vilima vyetu vimekwisha kuvuliwa nguo. Pili, wengi hununua matofali mazuri kisha wakayaunga kwa udongo ili kuokoa saruji. Huyo amenunua uzito, hakununua nguvu.

Ya nne ni matofali ya kufungamana, yafanywayo kwa udongo na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, katika miaka ya 1950. Na hapa kwetu Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kuufundisha ujenzi wa matofali haya. Hayachomwi kwa kuni. Lakini hutaka udongo uliochaguliwa, usio mfinyanzi mtupu, na kumwagiliwa maji kivulini kwa siku saba au zaidi. Mwenye haraka ayaache.

Ama matofali ya saruji na mchanga, ni mazuri, lakini saruji hutufikia kutoka mbali, na bei yake yajulikana.

Iwapo ukuta ni wa matofali ya namna yoyote, yapo mambo matatu yasiyosamehewa: msingi wa mawe uliochimbwa hadi ardhi ngumu, viungo vya saruji, na ukanda wa zege wenye nondo, ambao mafundi huuita lenta, uzunguke kuta zote bila kukatika. Mlango wa gari huwa na upana wa mita 2.5 au 3, na penye uwazi mkubwa namna hiyo ndipo penye udhaifu. Nguzo za pande zake mbili nazo ziwe za zege na nondo.

Lau fedha hazitoshi kwa matatu hayo, ushauri wetu ni huu. Jenga matofali hadi usawa wa kiuno tu, kwa saruji. Juu yake simamisha nguzo za mkaratusi au za chuma, zilizofungwa imara katika zege zisiguse udongo, kisha zungushia mabati. Ukuta wa juu ukianguka si rahisi umuue mtu kama wa matofali, na cheche hazitayaunguza mabati upesi. Vyombo vya thamani viwekwe katika chumba kidogo cha matofali kilichofungwa lenta. Banda jepesi lililofungwa vyema ni bora kuliko zito lisilofungwa, ingawa majirani watalisifu lile zito.

Kadhalika, banda lisishiriki ukuta na chumba cha kulala. Liwe na madirisha yanayoelekeana, wala injini isiwashwe milango ikiwa imefungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Maji ya paa yasielekezwe kwa jirani. Haki ya jirani ni nzito.

Neno la mwisho ni la fedha. Wako wanaouza kahawa ingali ua mtini, biashara tuijuayo kwa jina la butura, wapate kununua saruji upesi. Sharia yetu yakataza kuuza tunda kabla halijaonekana kukomaa, na serikali nayo imekataza. Na hesabu yake ni hasara: mtu huuza kwa bei ya dhiki, kisha huishia na kuta zisizo na lenta. Ni heri kusubiri mavuno. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho cha kuchimbia msingi, na fedha ya kahawa huja karibu na wakati huo huo. Anayeweza kujenga nusu mwaka huu na ajenge nusu iliyokamilika, nusu ya pili aiachie mwaka ujao, inshaallah.

Wallahu aalam.